Nimeingia Kwenye Nyumba ya Eda

Herman, nimeharibu. Nimetoka sasa hivi kwa Bi Raya, nyumba ya kumi na moja kwa ajili ya kile kitabu changu cha watu wa mtaa.

Nilipiga hodi, nikasikia "nani?", nikaingia. Nikaingia, Herman! Kumbe amekaa eda, haonani na wanaume wa nje, mumewe hajamaliza miezi miwili kaburini.

Na nikamwomba picha!

Mwanawe Twalib akanitoa hadi barazani. "Mwalimu, nani kakukaribisha? Mtaa mzima utakufungia milango!" Nikajua kitabu kimekufa.

Mara sauti nyuma ya pazia: "Twalib, mpe kiti hapo hapo nje. Mwanangu, andika. Marehemu Majaliwa alizaliwa Pangani."

Akaendelea mpaka adhuhuri.

"Unaandika, au unaogopa?"

Nikamjibu, "Vyote viwili, Bibi."