Dawa ya Sungura Asiyeumwa

Dukani kwangu, chumba cha nyuma
Jumapili, tarehe 9

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko? Shemeji je, na mpwa wangu ameizoea shule? Sisi tupo. Mama magoti yanamsumbua, ila anakula. Mimi mwili mzima.

Roho ndiyo imenuna. Nasikia umewaambia ndugu kwamba sungura wa mwanao amekufa kwa sababu nilibania dawa. Mimi! Mtu niliyeanza duka na sanduku moja la misumari! Hebu tulia nikueleze.

Kati ya wale sungura wawili mlioniachia, wa kijivu ndiye aliyeanza kuumwa. Alipinda shingo, akawa anazunguka mahali pamoja mpaka anaanguka. Daktari wa mifugo alisema ni vijidudu vya kwenye figo na ubongo, vinatoka na mkojo. Kwa kuwa wanalala banda moja, wote wawili wanywe dawa kila siku, wiki nne, hata yule asiyeumwa. Niliwapima kwa mizani ya misumari, nikatoa uzito wa karai. Wa kijivu kilo mbili, Mweusi moja na nusu. Kipimo cha kila mmoja nikakitia alama kwenye bomba lake la sindano, kwa rangi ya kucha ya wifi yako.

Asubuhi niko dukani, kwa hiyo kuwanywesha ikawa kazi ya Mama. Wa kijivu alimpa bila kukosa. Mweusi alikuwa anapiga mateke, na Mama unamjua. "Huyu mzima, mnamtesea nini?" Dozi yake akawa anaimwaga kwenye maua chini ya dirisha. Mimi nikirudi naona mabomba matupu, nashukuru.

Mweusi alilegea miguu ya nyuma ghafla. Tukaanza dawa upya, hatukuwahi. Wa kijivu amepona, kichwa tu kimebaki upande, kama anayesikiliza ya jirani.

Mama alisema yote tulipokuwa tunamzika Mweusi, akalia kama mtoto. Ndugu wakiuliza, ubahili uache ubaki kwangu, nimeuzoea. Ila ukimpigia Mama simu, tafadhali, hapo usiguse.

Dawa imeshaisha. Lakini kila asubuhi anajaza maji matupu kwenye bomba, anampakata wa kijivu. "Kunywa, baba. Kunywa nikuone."

Nisalimie shemeji. Mpwa wangu mwambie Mweusi amelala chini ya dirisha, penye maua. Yamechanua sana mwaka huu.

Mungu awafunike huko mliko.

Kaka yako akupendaye, hata akinuna.