Majani ya Kibuyu cha Mama

Nyabiyonza, Karagwe
9 Septemba 1988

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Zikufikie salamu zangu mimi Therese, za mkweo Ndyamukama, na za wajukuu zako wanne ambao kila mmoja ametaka kuweka alama ya kidole chake pembeni mwa karatasi hii. Ile yenye matope ni ya kitinda mimba, usishangae. Goti lako linaendeleaje? Na kifua, je, bado kinakusumbua asubuhi? Sisi huku tu wazima, ila mvua inachelewa na migomba imeanza kuinamisha majani. Kahawa tumeshaanika yote.

Ildefonsi, mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea Mama. Soma polepole kama unavyosoma somo kanisani. Kuna mahali utatamani kuruka. Usiruke.

Mama, ninaandika kwa sababu kuna jambo litaamuliwa hapa Jumamosi ya tarehe 24 mwezi huu, nami nakuhitaji. Unakumbuka nilikwambia kwamba Bibi Maendeleo wetu, Placidia, alituletea mashine ya mkono ya kukamulia mafuta. Tuko wanawake kumi na wanane, na mwenyekiti wetu ni mama Kokwijuka, yule mwenye sauti inayofika huko kwako Nyakakika bila barua. Tangu mashine ije, nyumba zetu zimepata mafuta ya kupikia ambayo dukani yalikuwa hayaonekani. Kina mama waliokuwa wakipika maharage kwa maji na chumvi sasa wanapika chakula chenye harufu ya chakula.

Lakini mafuta yenyewe ni ya karanga. Najua hapo umekunja uso. Wewe karanga hujaitia mdomoni tangu uzaliwe. Ulitufundisha kwamba karanga na maziwa havikutani, si tumboni wala chomboni, maana vikikutana chuchu za ng'ombe hutoka damu. Nilipoolewa kwa hawa watu wa migomba na kahawa, ambao karanga kwao ni mboga kama mboga nyingine, ulinipa kibuyu chako cha samli, kile chenye kifuniko cha kusuka, ukaniapisha kwamba karanga haitakigusa. Sijasahau hata neno moja.

Basi, mafuta yetu yalikuwa na ugonjwa mmoja: hayakai. Tuliyapeleka jikoni kwa shule moja ya bweni, na baada ya wiki tano yakaanza kunuka kama rangi mbichi ya mlango. Wanafunzi waligoma kula, na mpishi akaturudishia madebe bila hata kutusalimia. Tukajaribu tena, yakawa yale yale. Mwezi wa sita Placidia alikuja amenyong'onyea, akatueleza kwamba wakubwa wake wanataka kuihamishia mashine kata nyingine, kwa watu watakaoitumia vizuri zaidi. Aliweza kutuombea miezi mitatu tu. Ndani ya miezi hiyo tuonyeshe mafuta yanayokaa bila kuharibika, ama mashine ipakiwe kwenye gari iondoke.

Mimi nikasimama nikasema najua namna ya kuyafanya yakae.

Mama, nilitumia majani yako. Ule mujaja wa nyuma ya nyumba, ambao wengine huutia kwenye chai tu, lakini wewe uliutia kwenye samli ili ikae msimu mzima. Kwa karanga nilikuwa nimeanza kujaribu mwenyewe jikoni kwangu tangu mwaka jana, na usidhani ilikuwa rahisi. Mara ya kwanza nilitia majani mabichi, maji ya majani yakaingia kwenye mafuta, yakaota ukungu. Mara ya pili niliyaanika juani, harufu yote ikaenda na jua. Mara ya tatu nikayakaanga, na Ndyamukama alipoonja akauliza kwa upole kama nimechoka kuolewa naye. Ndipo nikaona ujinga wangu. Nilikuwa nahangaika kutafuta njia, na njia nilikuwa nimeiona kila siku tangu utotoni nikiwa nimekaa karibu na meko yako.

Nikafanya kama wewe. Nilikausha majani kivulini, juu ya uchaga wa jikoni, siku tisa, mpaka yakavunjika mkononi kwa sauti. Nikayasugua, nikayatia kwenye chungu cha mafuta, na chungu hicho nikakiweka ndani ya sufuria ya maji ya moto, ili mafuta yapate joto lakini yasichemke. Asubuhi hadi alasiri moto mdogo, kisha nikachuja kwa kitambaa cheupe mara mbili. Mafuta yalitoka na rangi ya majani kwa mbali, na yalinukia nyumbani kwetu, Mama. Nililia kidogo. Nilisingizia moshi.

Kwa hiyo tarehe 25 mwezi wa sita tulijaza chupa sita mbele ya Placidia. Tatu zina mafuta yaliyolala na majani, tatu hazina. Tukaziziba kwa nta ya mshumaa, tukazipanga dirishani kwenye chumba cha kigango chetu cha kanisa, mahali jua linapopiga, maana mama Kokwijuka alisema tukidanganya kwa kuzificha kivulini tutakuwa tunajidanganya wenyewe. Hizo ndizo zitafunguliwa tarehe 24. Wakubwa wa Placidia watakuwepo.

Placidia aliniuliza siku ile nina hakika gani. Aliniuliza kama kuna mtu amewahi kukaa na mafuta haya muda mrefu na kuyanusa. Nilimjibu kwamba yupo, lakini sikumtaja. Amekuwa akiniuliza tena kila tukikutana, nami nageuza mazungumzo kama mtu anayedaiwa. Mficha uchi hazai, Mama. Leo nasema.

Ildefonsi, ni hapa. Soma.

Mwaka jana Bihogo, ng'ombe wako wa mwisho, alipokufa kwa ndigana, uliacha kula. Ulisema chakula kisicho na samli ni malisho ya mifugo, na kama mifugo imekwisha, nani ayale? Nilipokuja kukuona mwezi wa kumi na moja, kanga yako ilikuzunguka mara mbili. Nilitafuta samli kwa wafugaji wa upande wa Kyerwa, nikakuta karantini ya mifugo, hakuna kinachotoka. Nikarudi nyumbani nikakitazama kile kibuyu chako kwa siku mbili nzima. Siku ya tatu nikakifukiza vizuri kama ulivyonifundisha, nikakijaza mafuta ya karanga yaliyolala na mujaja, nikaongeza kijiko cha samli kilichokuwa kimebaki kwangu. Ildefonsi alinikuta nikijaza. Nilimwapisha anyamaze, na yeye ndiye aliyekibeba kichwani mpaka kwako siku ya Krismasi. Kosa ni langu, usimgombeze sana. Mgombeze kidogo tu.

Nilikwambia samli hiyo imetoka kwa ndugu wa Ndyamukama. Huyo ndugu hayupo. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeanza Krismasi hadi leo, nami nimechoka kuitembea.

Ulikula karanga, Mama. Ulikula mpaka mwisho wa mwezi wa sita. Na katika miezi hiyo ulikuwa unakunywa maziwa ya jirani yako Harerimana. Nikuambie ukweli wote: kila nilipopata habari kutoka huko, kabla sijauliza hali yako, niliuliza hali ya ng'ombe wa Harerimana. Niliogopa. Nilikuwa nimecheza na ng'ombe wa mtu mwingine bila yeye kujua. Lakini ng'ombe huyo anakamuliwa mpaka leo, na maziwa yake ni meupe.

Na wewe, Pasaka ulitembea kwa miguu yako mpaka kanisani. Uliwaambia wanawake pale nje, nami nimesimama kando yako, kwamba samli ya mwanao imemaliza miezi mitatu na ukiifunua inanukia kama siku ya kwanza. Wewe, ambaye hujui kudanganywa na maziwa yaliyolazwa kwenye kibuyu kisichofukizwa! Siku ile nilipaswa kusema, nami nikasema asante. Nisamehe kwa hilo zaidi ya yote.

Sasa uamuzi wangu ni huu. Tarehe 24 nitasimama mbele ya watu na kueleza majani haya yametoka kwa nani, kwa jina lako, Mukantabana wa Nyakakika. Sitasema ni akili yangu. Nitawafundisha wanawake wenzangu kumi na saba, hata kama hutanipa ruhusa, na hasira yako nitaibeba. Mashine haiondoki hapa mimi nikiwa nimekaa na jibu mdomoni. Lakini sitaki kuifanya bila wewe. Hakuna pua Karagwe hii inayoujua mwanzo wa kuharibika kwa mafuta kama yako. Nataka uwe wewe wa kuvunja nta na kunusa chupa zote sita, na ukisema yameharibika, nitakubali.

Anayekuletea barua hii, Rwegasira, amebeba pia kibuyu chako, kile ulichonirudishia kikiwa kitupu. Kimejaa. Safari hii unajua kilicho ndani. Ukitaka, mwaga kwenye shina la mgomba, kisha ukivunje, ni chako. Ukitaka, njoo nacho. Rwegasira atakusubiri na baiskeli asubuhi ya Ijumaa tarehe 23, goti lisikusumbue.

Nisalimie Harerimana na nyumba yake, na ng'ombe wake hasa. Wasalimie wote wanaoniuliza. Mungu akulinde, akupe usingizi mwema hata baada ya barua hii.

Ni mimi mwanao mkaidi,
Therese Mukakalisa

N.B. Mama, kuna jambo moja linanipa moyo, nimelitafakari tangu Pasaka. Tulipokuwa mezani uliinamisha kibuyu, ukatazama yanavyotiririka, ukasema samli zote huganda, ila hii haigandi hata asubuhi ya baridi. Ukanitazama usoni. Kisha ukaniambia nikuongezee kijiko kingine.