Sijaanza Bado, Mama

Mwenzangu, uko? Nimetoka kuaibika sasa hivi. Bado nimekaa kwenye ngazi za kliniki.

Si nimeenda kwa yule mnyoosha mgongo uliyening'ang'aniza niende? Ulinitisha na habari za mifupa kulia kama kuni kavu zikivunjwa, basi nikajiandaa kwa maumivu. Nikalala kifudifudi, uso kwenye lile tundu la kitanda, meno nimeyauma.

Akaweka kiganja mgongoni. Kiganja tu! Anatafuta pale kazi ya cherehani ilipoupinda.

Nikaangua kilio.

Tena si machozi ya kistaarabu. Kilio cha msibani, kamasi zinamdondokea viatuni.

Akashtuka, akatoa mkono: "Nimekuumiza?"
Nikasema hapana, endelea.
Akasema, "Lakini sijaanza bado, mama."

Sijaanza bado! Ningemwambia nini, wewe? Kwamba tangu tumzike baba watoto, na watoto watawanyike makwao, hakuna mtu aliyenigusa mgongo huu? Watu wananipa pole kwa ncha za vidole.

Maskini, akanipa tishu, akaurudisha mkono, akasubiri ninyamaze. Ndipo akanyoosha. Mifupa ikalia kweli, ko! Wala haikuuma.

Mwisho akasema, "Jioni mtu wa nyumbani akukande kwa barafu hapa katikati." Nikaitikia "sawa", kana kwamba yupo.

Mgongo umepona, mwenzangu. Nainama mpaka nagusa vidole vya miguu.

Nimemwambia bado unauma. Amenipa miadi ya Jumanne.