Mtakatifu Aliyenenepa

Valbrune, Jumanne

Mpenzi Bastien,

Cheri zimeiva, na watalii wameanza kuja kupiga picha kanisa letu. Leo wanawake tuliipaka mafuta ya jozi ile sanamu ya kale ya mtakatifu uliyoturudishia baada ya kuikarabati, kama kila mwaka kabla ya maandamano. Bibi Léontine alipoiinua akacheka: "Lo, kanenepa huyu! Solène, mchumba wako alikuwa anamlisha nini huko karakanani?"

Wote wakaangua kicheko. Mimi niliendelea kupaka. Mti wa miaka mia nne hunywa mafuta. Huu uliyaacha yatiririke hadi viganjani mwangu. Nikayafuta haraka wasione.

Maandamano ni Jumapili. Ilete ile ya kweli kabla ya hapo. Ukija mikono mitupu, nitawaambia mwenyewe, nikiivua pete yako.

Solène