Upande Usiopigwa Msasa

Baba, mwaka umetimia tangu utuage, na ile sanamu yako ndogo bado inatugombanisha.

Haizidi ngumi. Uliichonga kwa kipande cha fremu ya mlango wetu wa zamani, ule tuliopitia sote tangu utotoni. Upande mmoja ni laini kama sabuni iliyotumika. Wa pili umejaa makovu ya patasi. Mkweo alisema ni ndege. Mjukuu wako akasema ni sikio. Ukiulizwa, ulicheka tu: "Asiyejua maana haambiwi maana!"

Ulikuwa seremala usiyevumilia mlango unaokwama, hata uwe wa jirani. Uliacha chakula mezani ukaenda kuurekebisha, penseli sikioni, na malipo yako yalikuwa asante.

Wiki iliyopita kaka mkubwa, aliyerithi karakana yako, alikuja na msasa na vanishi. "Mzee aliugua kabla hajamaliza," akasema. "Acha niimalizie, ipendeze siku ya kumbukumbu." Tulikubali sote. Mama akaishika ili isitikisike, kidole gumba chake kikapita juu ya yale makovu.

"We! Weka huo msasa chini," akasema. "Huu ni mkate wake."

Tukatazamana. Mama akatukumbusha: kiharusi kilipoulemaza mkono wako wa kulia, ulikataa kukatiwa mkate. Uliukata kwa mkono wa kushoto, kila kipande kinene huku, chembamba kule. Tukinung'unika, ulisema, "Anayetaka kilichonyooka akate mwenyewe."

Tukaigeuza sanamu kwenye mwanga. Makovu yote yamelala upande uleule, manene huku, membamba kule. Upande laini ni wa mkono wako wa zamani. Huu mwingine uliuchonga baadaye, peke yako, bila kumwomba mtu. Kazi ilikuwa imekwisha, Baba. Sisi ndio tuliotaka kuifuta.

Mama alilia, kisha akacheka sana. Tumekukosa mno.

Vanishi imepakwa mlango wa jirani. Sanamu imetoka kabatini, iko mezani, na kila mtu anaishika apendavyo.

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, mkweo, anayeshikilia kuwa ni ndege, na mjukuu wako, ambaye siku hizi anakata mkate kwa mkono wa kushoto, makusudi.

Daima tutakukumbuka, kwa mikono yako yote miwili.