Maziwa ya Mzee Ongeri

Jumatatu, 3 Machi
Nimekagua maduka sita kabla ya saa nne. Vyoo viwili vichafu, cheti kimoja cha afya kimeisha muda. Mvua. La saba lilikuwa la Mzee Ongeri, muuza maziwa hapa Nyamira mjini. Wiki tatu zilizopita mdogo wangu Moraa alipoteza mimba ya miezi sita. Daktari wa Kisii alisema ni bruselosi, ugonjwa wa ng'ombe unaopitia kwenye maziwa mabichi. Moraa hununua kwa Ongeri tu. Nimechukua sampuli. Nilipaswa kumwambia bosi kwamba jambo hili ni la nyumbani kwetu. Sikumwambia, asije akampa mwingine kazi hii. Namtaka huyu mtu.

Ijumaa, 7 Machi
Majibu ya maabara. Safi. Nimeyasoma mara nne. Haiwezekani.

Jumamosi, 8 Machi
Sabato. Ongeri ni mzee wa kanisa letu. Leo alisoma matangazo, kisha akatuomba tumkumbuke "binti yetu Moraa" katika maombi. Kumkumbuka! Nilitoka nje, nikasimama karibu na tangi la maji mpaka wimbo ukaisha. Namchukia. Nimeandika hivyo na sifuti.

Jumanne, 11 Machi
Sampuli ya pili. Safi tena. Nilibaki ofisini na fomu mbele yangu. Maneno mawili tu yangetosha: ina vimelea. Nani angeuliza? Nilifungua kalamu. Nikaifunga. Si kwa wema. Karatasi ya uongo wakili ataipasua, na Ongeri atarudi dukani akicheka. Nataka aanguke kwa kosa lake mwenyewe.
Halafu nikakumbuka kitu. Mara zote mbili alinipimia kutoka keni ileile ya chuma, ile ya karibu na mlango. Nyuma ya pazia lililo ndani ya duka sijawahi kufika.

Alhamisi, 13 Machi
Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, njia panda Ongeri anaponunulia maziwa. Nilijifunga leso kichwani, koti la kazi nikaliacha nyumbani. Pikipiki zinaleta mitungi ya plastiki iliyokuwa ya mafuta ya kupikia. Anapokea yote. Hanusi, hapimi. Alipoondoka nilimfuata mama mmoja aliyemuuzia, nikajitambulisha kuwa ni mkaguzi wa afya. Hakuficha. Ng'ombe wake ametupa mimba mara mbili kwa ugonjwa uleule, na daktari wa mifugo alimkataza kuuza.
"Mzee anajua?"
"Anajua, daktari. Alisema nilete tu, yatachanganyika na ya wengine."
Yatachanganyika. Nilichukua sampuli kwenye masalio ya mtungi wake. Nilirudi mjini nikiimba.

Jumatano, 19 Machi
Maziwa ya yule mama yana vimelea! Nimekwenda na bosi na askari wawili, saa ya watu wengi, kwa kusudi. Niliipita keni ya mlangoni, nikavuta pazia. Mitungi tisa. Nikachukua sampuli, yaliyobaki nikayamwaga shimoni kwa mikono yangu, wateja wakitazama.
"Mwanangu," Ongeri akasema, midomo ikimcheza, "si tunasali pamoja?"
"Tunasali pamoja, mzee. Sogea."
Duka limefungwa. Wiki ijayo yuko mahakamani. Nimefurahi. Hata chakula nimekila kwa hamu, mara ya kwanza tangu mwezi uliopita.

Alhamisi, 20 Machi
Nilikwenda kwa Moraa baada ya kazi. Alikuwa akichambua mboga za chinsaga. Nikamsimulia yote, mpaka jinsi Ongeri alivyotetemeka. Hakuacha kuchambua. Mwishowe akasema, "Dada, aliniambia niyachemshe. Kila siku aliniambia. Mimi nilikuwa nayanywa palepale dukani, mwili ulikuwa unayataka."
Ongeri simsamehe. Alijua, akauza. Lakini nilidhani Moraa atafurahi, na nilimwona ameinama zaidi kuliko nilivyomkuta.
Nikavuta kigoda, nikachukua fungu langu la mboga. Tulichambua mpaka zikaisha. Akaniomba Jumapili nimsindikize kwa jirani aliyejifungua, ampelekee zile nguo ndogo alizokuwa ameshazinunua. Peke yake hataweza. Nikasema nitakuja mapema.