Wachumaji wa Chai na Wali wa Koliflawa

Mpendwa Mshauri Elmina,

Nahitaji msaada wako, na ukilazimika kucheka kwanza sitalalamika, kwa kuwa hapa Kiptere wamekwisha kucheka wote isipokuwa mke wangu, na huyo ndiye anayenifanya nikuandikie.

Mimi ni mwandishi wa habari. Nimeripoti bei ya majani chai, mvua ya mawe, migomo na mazishi ya madiwani kwa miaka mingi bila kutakiwa kusahihisha habari hata moja, jambo ambalo nimelitaja katika kila harusi niliyowahi kupewa kipaza sauti, lakini mwaka jana mhariri wangu aliona wasomaji wamechoka na bei ya majani chai, akanipa ukurasa wa vyakula vipya, yaani kila wiki niingie supamaketi moja pale Kericho, ninunue kitu ambacho watu hawajakizoea, nikionje, kisha niwaambie wasomaji kama kinafaa kutiwa kikapuni. Nilianza kwa dharau nikaishia kuwa muumini. Mtu aliyelelewa kwa githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, nikawa nasimama mbele ya rafu nikisoma nyuma ya pakiti kama ninayesoma hukumu ya mahakama, na nyumbani kabati likajaa mbegu za chia, chumvi ya rangi ya waridi, maziwa ya oti na unga wa macha, ambao ni majani ya chai kutoka Japani yaliyosagwa, na ambao niliubeba kwa fahari kwenye pikipiki kutoka mjini, nikipita katikati ya mashamba ya chai kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho.

Sasa nieleze kuhusu kikundi cha wachumaji. Chai yetu na ya majirani zetu huchumwa kwa zamu, leo kwenu kesho kwetu, hakuna anayelipwa, ila mwenye shamba hulisha watu: chai ya maziwa saa nne, na mchana ugali wenye kitu cha kuushika. Shamba ni la upande wa mke wangu, Chepkosgei, na katika kikundi hicho alikuwamo kabla hajanijua. Zamu yetu ilipofika aliitwa aende Fort Ternan, dada yake alikuwa amejifungua, basi akaniachia unga, nyama, mboga za managu zilizokwisha kuchambuliwa na sufuria ya maziwa, akanipa maagizo mafupi akiwa tayari amevaa koti.

"Baba Shirley, kazi yako ni kuchemsha tu," aliniambia. "Usifikirie."

Nilifikiria. Niliona watu kumi na wawili wenye njaa, wa rika zote, wasio na mahali pengine pa kula mchana ule, na mtu wa kawaida angeona wageni, lakini mimi niliona waonjaji. Ukurasa wa wiki hiyo ulikuwa bado mtupu. Nikarudisha nyama kwenye friji.

Saa nne niliwapelekea macha iliyokorogwa kwa maziwa ya oti, baridi, kijani kama maji ya dimbwi la ng'ombe, na Ombui, ambaye ni mtu mpole na hupenda kuelewa vitu, akaigeuzageuza kwenye kikombe kabla ya kuniuliza.

"Hii maziwa, ng'ombe yake iko wapi?"

Nikamweleza kwamba haina ng'ombe.

"Sasa ni nani alikamuliwa?"

Ng'ombe wetu alikuwa amesimama nyuma yake akicheua. Watu walicheka na mimi nikacheka nao, nikahesabu hilo kuwa ushindi. Mchana nikawapa wali wa koliflawa, ambao si wali bali ni koliflawa iliyokunwa, pamoja na tofu, ambayo ni jibini ya soya, na kwa kuteremshia kombucha, ambayo ni chai iliyochachishwa. Bitutu, mama wa Kikisii ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi na pia shemasi wa kanisa lisiloruhusu pombe hata kwa macho, alifungua chupa, ikatoa povu, akainusa, akaifunga tena na kuiweka kwenye nyasi mbali na mguu wake. Nilidhani ameshiba.

Halafu nikatoa simu nikawarekodi, mmoja mmoja, wakiwa wamekaa chini na aproni zao za plastiki, mikono imejaa utomvu wa chai. Ombui alisema hajawahi kula kitu kama hicho. Jirani yetu Bot Kipng'eno, mama mzee ambaye hajawahi kumvunjia mtu heshima nyumbani kwake, alisema Mungu anibariki na anionyeshe njia. Bitutu alisema mtu akila chakula hiki hawezi kusahau. Nikaandika yote kama sifa. Baada ya chakula mmoja alikumbuka ndama wake, mwingine kwaya, mwingine mgeni, na ilipofika saa nane nilikuwa peke yangu na sahani, na nusu ya chini ya shamba haikuwa imeguswa, nami nikaenda kuandika. Habari ilitoka na kichwa kinachosema wachumaji wa Kiptere wameipokea lishe mpya kwa mikono miwili, pamoja na picha ya Bitutu ameshika kijiko. Wiki iliyofuata mandazi ya sokoni yalifungwa kwa picha hiyo.

Mke wangu aliporudi hakugomba. Alichukua kikapu siku ya zamu ya Bitutu akaenda, akakuta shamba limekwisha kuchumwa jana yake, hakuna aliyemwambia. Akarudi nacho kitupu, akipita njia ya nyuma. Zamu yetu ilipofika tena alipika mwenyewe, ugali, nyama, kila kitu, akasimama langoni tangu asubuhi, na hakuja mtu. Chai ilipoa ikaota ngozi. Tangu hapo anachuma peke yake, lakini shamba limemzidi, majani yamekuwa magumu, na juzi karani wa kituo cha kununulia alimwaga nusu ya mzigo wake mezani akamrudishia mbele ya watu. Nilimwambia nitatafuta vibarua. Akanijibu bila kuinua macho: "Hawa watu walikuwa wanajua nikiwa mgonjwa kabla wewe ujue."

Jumamosi ijayo wanakutana kwa Bitutu kupanga zamu za msimu wa mvua, na siku hiyo ndiyo itakayoamua kama nyumba yetu bado imo. Mimi nina mawazo matatu. La kwanza, nichapishe masahihisho, ingawa hilo litaharibu rekodi yangu. La pili, niende kwenye mkutano na kapu la zawadi, vitu vizuri zaidi safari hii, nimeona siagi ya korosho ambayo nina hakika wataipenda. La tatu ni la mhariri, ambaye anasema ukurasa ule ulisomwa kuliko habari zangu zote za chai zikijumlishwa, na anataka kutuma mpiga picha turudie. Mke wangu amesema nisikanyage kwa Bitutu. Nifanye nini?

Mwonjaji, Kiptere

*

Mwonjaji,

Nimecheka, umeniruhusu. Nilicheka mpaka kwenye lango. Pale ambapo mke wako anasimama na chakula kimepoa nyuma yake niliacha.

Tuondoe koliflawa njiani kwanza, kwa maana unaishika kama mtu anayeshika mti mafurikoni. Kosa lako si chakula kipya. Watu wa huko si wajinga wa vyakula; Bot Kipng'eno huenda amekula vitu vigeni kuliko vyote ulivyonunua, mwaka wa njaa, bila pakiti. Angekuja kwako siku ya kawaida ukampa kijiko cha tofu, angekionja, angekutania, na mngemaliza. Lakini siku ile hakuja kuonja. Alikuja kukupa siku yake nzima, na malipo yake yalikuwa sahani moja. Ukaichukua sahani hiyo ukaifanyia utafiti. Halafu, akiwa bado na njaa, ukamwekea simu mdomoni umuulize anaonaje. Ulitaka aseme nini? Yuko kwako, mama mwenye nyumba hayupo, wewe ni mtu wa gazeti. Alikuombea. Wewe ukamnukuu.

Na Bitutu umemtendea vibaya zaidi ya wote. Shemasi asiyegusa pombe, umempa chupa inayotoa povu, kisha ukamchapisha akiwa na kijiko mkononi na furaha ambayo hakuwa nayo. Yeye ndiye atakayekuwa mwenyekiti wa kikao Jumamosi. Ningekuwa yeye ningebadilisha siku ya zamu mimi pia.

Sasa nikuulize swali ambalo umelikwepa kwa ustadi. Barua yako ni ndefu. Umenieleza mke wako anavyochuma peke yake, majani yalivyokuwa magumu, karani alivyoyamwaga. Nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali unapochuma wewe. Sijapaona. Umeishi juu ya shamba la chai, umeandika habari za chai, umeleta chai kutoka Japani, na katika zamu zote hizo ni Chepkosgei aliyekuwa akitoa siku zake kwa majirani huku wewe ukila faida ya urafiki wake. Siku moja tu aliyokuachia uilipe kwa niaba yake, uliilipa kwa noti bandia. Vibarua hawawezi kukusaidia hapo. Kibarua atachuma majani. Hatajua mke wako akiwa mgonjwa.

Haya, fanya hivi.

Mpiga picha asije. Mwambie mhariri wako leo, kwa neno moja. Akikuuliza sababu, ana miguu, aje achume.

Masahihisho yachapishwe kabla ya Jumamosi, mafupi, bila mzaha wako na bila jina la mtu. Andika kwamba wachumaji waliotajwa hawakusifu chakula kile, kwamba waliosema walisema kwa adabu, na kwamba sifa zilikuwa za mwandishi. Rekodi yako itaharibika. Ilikwisha kuharibika, ila hukuwa umeliandika hilo.

Siagi ya korosho iache rafuni. Ukienda na kapu la zawadi utakuwa unawalisha tena kitu ambacho hawakukuomba.

Kwa Bitutu usiende. Mke wako amekwambia hivyo, na anawajua watu wake. Mkutano ni wake, atasema yake. Wewe kesho asubuhi vaa aproni, ingia ile nusu ya chini ya shamba, umwombe akuonyeshe. Majani mawili na kichipukizi, yaliyokomaa yanavunjwa na kutupwa. Utakuwa mwepesi kama konokono na atakucheka, na hicho kicheko ukipokee vizuri, umekikosa kwa muda mrefu. Ukishajua kutofautisha jani na jani, uliza zamu inayofuata ni ya nani. Kama ni ya Ombui, nenda kwa Ombui. Usitangulize maelezo. Fika mapema, salimia, simama mwisho wa mstari, chuma mpaka watakapoacha wao. Wakikutania kuhusu ng'ombe asiyekamuliwa, na watakutania mpaka masikio yachemke, jibu kama mtu mzima mwenye makosa. Wakikupa ugali, kula. Simu iache nyumbani. Mtu akikuuliza chakula kikoje, sema asante uoshe sahani yako.

Wakikurudishia zamu, pika wewe, mke wako akiwa shambani na wenzake. Chai ichemke pamoja na maziwa, ya ng'ombe yule anayecheua, na nyama isirudi kwenye friji.

Kuhusu ukurasa wako, sisemi uuache. Watu wana haki ya kujua ni kipi kati ya vitu hivyo kinafaa na kipi ni pakiti nzuri tu. Mimi mwenyewe nina mbegu za chia kabatini tangu Krismasi, na kila nikizitazama nakumbuka uji. Lakini nunua pakiti ndogo kabisa. Ipikie meza yako. Kile ambacho familia imekuomba ukinunue tena, kiandike. Kingine kimalize mwenyewe kimyakimya, hiyo ni sehemu ya kazi. Na ukitaka maoni ya jirani, mshibishe kwanza kwa chakula anachokijua, kisha ukiweke kile kigeni pembeni, kidogo, akiguse akitaka. Mtu aliyeshiba husema kweli.

Siwezi kukuahidi Jumamosi itakwendaje. Huenda wakawaweka nje msimu huu mzima, na mtachuma wawili, usiku mkilala migongo ikiuma. Chumeni. Wewe endelea kwenda kwenye zamu zao, hata wakikupa kisogo, na usimuulize mtu yeyote kama amekusamehe, kwa sababu atakujibu kwa adabu na wewe utaamini. Siku Bitutu atakapokupigia kelele kwamba umeacha majani nyuma, urudi mstarini mwako uyamalize, hapo rudi. Utakuwa tayari una mstari.

Elmina